Tusiupake Rangi Ukuta Unaoanguka

Nakuomba ukumbuke ukuta mmoja ulio karibu nawe ambao una ufa. Hutahangaika kuutafuta. Labda ni uzio wa shule wanakosoma wanao, labda ni wa zahanati, wa soko, wa makaburi, wa jirani, au ni wa kwako mwenyewe. Unaupita kila asubuhi ukiwahi daladala, na umeuzoea kiasi kwamba siku ukikosa kuuona ndipo utakapojiuliza umeenda wapi.

Naandika kukuomba mambo mawili tu kuhusu ukuta huo. La kwanza, kabla ya masika kuanza mwezi Machi, tuzipitie kuta zetu kwa miguu, tuzitazame kwa macho na kuzigusa kwa mikono. La pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, tuache kupiga lipu juu ya nyufa ambazo hatujui zimetokana na nini. Lipu na rangi juu ya ukuta uliokatika ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya: anapendeza, na wageni wanaacha kumuuliza hali yake.

Kuna shule ya msingi ninayoipita mara kwa mara katika moja ya mitaa ya mabondeni hapa Dar es Salaam. Uzio wake ni wa matofali ya saruji ya inchi sita, na kimo chake kinampita mtu mzima. Upande wa barabarani umepakwa rangi ya bluu chini na nyeupe juu, ukaandikwa maneno ya kuhimiza elimu. Ukisimama mbele yake huoni kasoro. Sogea pembeni, fumba jicho moja, utazame ukuta kwa urefu wake wote: utaona ulivyotoa tumbo kuelekea barabarani. Nyuma yake, upande wa uwanja wa shule, miaka mingi ya kufagia na kumwaga kifusi imeinua udongo hadi usawa wa kiuno cha mtoto. Matundu ya kutolea maji aliyoyaacha fundi wa kwanza yote yamezibika, mengine kwa lipu, mengine kwa mifuko ya nailoni na vizibo vya chupa. Ufa umepanda kutoka chini kama sentimita 80 ukifuata maungio ya matofali, hatua kwa hatua, kisha ukapotea chini ya rangi. Na hapo hapo chini ya tumbo la ukuta, kwa kuwa ndipo kivuli kilipo asubuhi, amekaa mama wa vitumbua na beseni lake, na watoto wa madarasa ya chini wamejipanga wakisubiri zamu.

Shule zilipofunguliwa Januari, ukuta ule ulipakwa rangi upya. Walioupaka walikuwa na nia njema, na wazazi tuliochangia rangi tulikuwa na nia njema. Hakuna hata mmoja wetu aliyechukua koleo kwenda kupunguza udongo ule wa nyuma.

Tufanye hesabu ndogo. Ukuta wa matofali ya inchi sita, wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2, una mita za ujazo 3. Kila mita ya ujazo ya matofali ya saruji ina uzito wa karibu tani 2. Kwa hiyo kipande hicho kimoja cha uzio, ambacho hakina hata darasa nyuma yake, kina tani 6 zilizosimama juu ya kitako chenye upana wa sentimita 15. Nyumba ina kuta nne zinazoshikana kwenye pembe, ina lenta, ina paa linalozifunga pamoja. Uzio umesimama peke yake. Hauegemei kitu na hakuna kinachouegemeza, isipokuwa nguzo zake kama fundi alizikumbuka, na msingi wake kama ulichimbwa vya kutosha. Ndiyo maana uzio unahitaji kuogopwa kuliko ukuta wa chumba. Lakini sisi hufanya kinyume: ghorofa likianguka, kama lile la Kariakoo la Novemba 16, 2024, nchi nzima husimama na kuuliza kwa nini, uzio ukianguka inakuwa habari ya mtaa, kifusi kinazolewa, na matofali yaliyobaki mazima yanapangwa tena palepale.

Wajapani wamelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Tetemeko la ardhi la Miyagi la Juni 1978 liliua watu 28, na kati yao 18 waliangukiwa na kuta za matofali, za mawe na nguzo za mageti. Wengi wetu tungedhani wafu wa tetemeko hupatikana chini ya majengo. Pale walipatikana njiani, kando ya uzio. Sheria ya ujenzi ilikazwa mwaka 1981. Hata hivyo asubuhi ya Juni 18, 2018, tetemeko lilipopiga Osaka, mtoto wa kike wa miaka 9 mjini Takatsuki alikuwa anaelekea shuleni. Ukuta wa bwawa la kuogelea la shule yake mwenyewe ulimwangukia akafariki. Ukuta ule ulikuwa na kimo cha mita 3.5 kutoka usawa wa barabara, wakati sheria ya huko inaruhusu mita 2.2. Mtaalamu wa usalama alikuwa ameshaonya juu yake miaka michache kabla. Ulikuwa umechorwa picha za kupendeza. Baada ya hapo shule za nchi nzima zilikaguliwa kuta zake, na miji mingi ikaanza kuwasaidia wananchi gharama za kubomoa kuta mbovu zilizo kando ya njia za watoto. Nimeitafakari sana sehemu hiyo ya mwisho: serikali za miji zinamlipa mtu abomoe.

Sisi hatutikiswi na ardhi mara kwa mara kama wao, ingawa ndugu zetu wa Kagera hawajasahau Septemba 10, 2016. Lakini mvua tunazo kila mwaka, na kwa uzio wenye udongo nyuma yake mvua inatosha.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye chanzo cha msiba mwingi, na ndipo penye dawa rahisi kuliko zote. Udongo mkavu uliolundikwa nyuma ya ukuta huusukuma, lakini sehemu kubwa ya uzito wake hujibeba yenyewe, chembe ikishikana na chembe. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo na maji yakakosa pa kutokea, mambo hubadilika. Udongo unakuwa mzito zaidi, na juu ya hayo maji yenyewe yanasukuma, na maji hayajui kujishika. Kadiri yanavyokwenda chini ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu. Ukuta uliokuwa unahimili udongo mkavu bila shida hujikuta unasukumwa kwa nguvu mara mbili na zaidi, usiku mmoja. Ndiyo maana kuta nyingi huanguka mvua ikiwa imenyesha kwa siku kadhaa, wala si kwa ile mvua ya kwanza. Na wakati mwingine huanguka jua likiwa limeshatoka na watu wameshaanza kupita.

Dawa yake ni tundu. Bomba la plastiki la inchi mbili au tatu lililopitishwa kwenye ukuta karibu na ardhi, likiinama kidogo kuelekea nje, moja kila baada ya mita moja na nusu au mbili, na nyuma yake kokoto ili matope yasiliingie na kuliziba. Kazi hiyo ni ya siku moja kwa fundi na msaidizi wake. Kama ukuta wenu una matundu tayari, basi kazi ni ya asubuhi moja na ufito wa kuzibulia. Na kama ukuta ulijengwa kuwa uzio tu, si wa kuzuia udongo, basi udongo usikae nyuma yake kabisa. Uchotwe, upelekwe kunakohitajika. Tafadhali msiusogeze upande wa jirani.

Yapo mengine yanayopasua kuta, nayataja kwa haraka. Mizizi ya mwarobaini na mikungu iliyopandwa hatua moja kutoka kwenye msingi. Udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kukauka ukaacha mianya, ukiupandisha na kuushusha msingi mwaka baada ya mwaka. Kozi tatu za matofali zilizoongezwa juu ya uzio wa zamani kwa kuogopa wezi, bila mtu kujiuliza kama msingi ule ulichimbwa kwa ajili ya kimo hicho. Uzio mrefu usioachiwa mwanya wa kutanuka; kwa matofali ya saruji, mwanya mmoja kila mita 6 hivi unasaidia sana. Geti zito la chuma lililoning'inizwa kwenye nguzo ambayo ndani yake hakuna nondo.

Kwa wakazi wa pwani, iwe Tanga, Mombasa, Unguja au Mtwara, kuna chumvi. Nondo iliyo ndani ya zege zuri haishiki kutu kwa sababu saruji huizunguka kwa hali ya ualkali inayoilinda. Chumvi ikipenya, ama kutoka kwenye upepo wa bahari ama kutoka kwenye mchanga wa ufukweni uliotumika kujengea, kinga hiyo inavunjika. Kutu inapoanza hutaka nafasi: hujaza mara mbili hadi mara sita ya nafasi ya chuma kilicholiwa. Zege haliwezi kutanuka, kwa hiyo linapasuka. Ukiona ufa ulionyooka wima katikati ya nguzo, wenye michirizi ya rangi ya kahawia, jua kwamba nondo ndani inavimba. Ufa wa namna hiyo haupoi kwa lipu hata kidogo. Lipu itakaa msimu mmoja, kisha itang'oka pamoja na zege la zamani, na nondo itakuwa imekonda zaidi.

Sasa tuzungumzie namna ya kuukagua ukuta, maana nimesema tuzipitie kuta na sitaki tupite kama watalii. Huhitaji digrii kwa hatua ya kwanza. Chukua kamba, ifunge jiwe, uishushe kutoka juu ya ukuta. Hiyo ni timazi tosha. Pima umbali kati ya kamba na ukuta juu na chini. Ukuta wa matofali ya inchi sita uliosimama peke yake, ukiwa umeinama sentimita 5 hivi kutoka kitako hadi kileleni, tayari upande mmoja wa kitako chake umeanza kulegea kwenye ardhi. Kutoka hapo upepo wa masika au watoto watano wanaoegemea kwa pamoja ni jambo la kuogopa. Ukifika kiasi hicho, ondoa watu kwanza, halafu ndiyo utafute fundi.

Kisha penseli. Kwenye mwisho wa kila ufa chora mstari mfupi unaoukata, andika tarehe. Chora pia alama mbili upande huu na upande huu wa ufa, upime umbali wake kwa rula, uandike milimita ngapi. Rudi baada ya wiki nne. Ufa mwembamba kama unywele ambao haujasogea unaweza kuwa ni wa lipu kukauka tu. Ufa uliopita mstari wako, au uliopanuka, unakuambia ukuta unakwenda. Ufa ambao kidole kidogo kinaingia hauhitaji wiki nne, wala ule unaolala kwa usawa kwenye ukuta unaozuia udongo, kwa sababu hapo ndipo unapokunjika. Gonga nguzo kwa nyundo ndogo pia. Mlio wa utupu, tofauti na mlio mkavu wa zege lililoshikana, unamaanisha zege limeachana na nondo.

Hayo mtayaandika na kumpelekea mwenyekiti wa mtaa, na kama ni shule, mwalimu mkuu na kamati ya shule. Kila halmashauri ina mhandisi, na kumwandikia barua ni haki yenu. Barua iliyo na vipimo na tarehe ina uzito kuliko malalamiko ya mdomo kwenye mkutano. Kwa ukuta mrefu, au unaozuia udongo zaidi ya mita moja, msimwachie fundi wa mtaani peke yake hata akiwa hodari. Atafutwe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Ukuta urekebishwe au ubomolewe? Swali hili huwagombanisha watu kwa sababu ya fedha, na mimi nina msimamo wangu. Kama ukuta umesimama wima, msingi haujasogea, na tatizo ni sehemu moja ya zege iliyoliwa au tundu lililoziba, rekebisheni. Kama umeinama, au umetoa tumbo, au msingi wake umezama, au ufa unarudi kila baada ya kuzibwa, bomoeni. Fedha inayotumika kuubembeleza ukuta wa namna hiyo kwa miaka mitano ingejenga mpya.

Marekebisho ya kweli ya nguzo iliyoliwa na kutu yana mpangilio wake, na ni vema mwenye ukuta aujue ili asimharakishe fundi. Zege bovu linachongwa hadi nyuma ya nondo, si hadi inapoonekana tu. Nondo inasuguliwa kwa brashi ya waya hadi ing'ae. Iliyokonda inaongezewa nyingine, na kwa nondo ya milimita 12 zipandishane kama sentimita 60, zifungwe kwa waya. Zege la zamani linaloweshwa kabla ya jipya kumwagwa, ili lisinyonye maji ya jipya. Nondo ifunikwe na zege la sentimita 4 hadi 5, si unene wa ganda la yai kama tulivyozoea kuona. Halafu kumwagilia. Hapa ndipo tunapoharibu kazi nzuri: zege linaendelea kukomaa kwa wiki nne, na siku saba za mwanzo ni lazima libaki na unyevu, lifunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Ukimlipa fundi siku ya kumwaga zege na usimlipe mtu wa kumwagilia, umelipia nusu ya nguvu uliyoinunua.

Ukuta mpya nao usiwe nakala ya ule ulioanguka. Msingi uchimbwe hadi udongo mgumu, nguzo zenye nondo ziwepo kila mita 3 hivi na nondo zake zitoke kwenye msingi wenyewe, mkanda wa zege uwepo chini na juu, matundu ya maji yaachwe tangu siku ya kwanza. Na pale ambapo hakuna ulazima wa ukuta mzima, fikirieni ukuta mfupi wenye wavu juu, au michongoma iliyokatwa vizuri. Shule nyingi zinataka uzio ili watoto wasitoke ovyo na mifugo isiingie. Matofali hadi usawa wa kichwa si sharti kwa kazi hiyo.

Kubomoa nako kuna njia. Mwenye kubomoa aanze juu kushuka chini, kozi kwa kozi. Asichimbe pembeni mwa msingi wa ukuta ambao bado umesimama, akitegemea utaanguka upande anaoutaka yeye. Njia ifungwe kwa kamba na mtu asimame pande zote mbili kuwazuia wapita njia, hasa watoto, ambao nyundo ikilia hujaa kuangalia. Vijana wetu wa vibarua hufanya kazi hii kwa kandambili, kwa malipo ya siku. Anayewaajiri awape viatu na kofia ngumu, na asiwaambie wamalize kabla ya jua kuzama.

Kubomoa ukuta mbovu si aibu. Bukoba, baada ya tetemeko la 2016, shule kongwe ya Ihungo haikuzibwa nyufa na kupakwa rangi. Ilijengwa upya, na wanafunzi wakarudi kwenye majengo mapya. Hapa Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Barack Obama ambayo wengi wetu bado tunaiita Ocean Road, ukuta wa zamani wa kuzuia bahari ulikuwa umeliwa hadi maji yakawa yanaitishia barabara. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ukuta mpya ukasimama, na jioni familia zinatembea pale kwa amani. Miradi hiyo ilikuwa na fedha kubwa, ni kweli. Lakini kilichotangulia fedha ni mtu kukubali kusema kwamba kilichopo hakifai.

Wasomaji wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu, ninyi kuta zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ombi langu kwenu ni tofauti kidogo: msizipige lipu ya saruji kabisa. Ukuta wa chokaa huvuta na kutoa unyevu. Saruji inaufungia ndani, mawe yanaoza kimya. Chokaa irudi kwa chokaa. Ninyi wa Unguja mlipoteza sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib Desemba 25, 2020, na watu wawili wakafa pamoja nayo. Nyumba ndogo za vichochoroni zinastahili macho yale yale.

Nakuja kwenye fedha. Ujenzi wa shule zetu siku hizi unakwenda kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe husimamia kazi na kuajiri mafundi bila mkandarasi, na kila mradi una kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, zenye wananchi ndani yake. Wazazi wenzangu, tusizikimbie kamati hizo. Hasa ile ya mapokezi: ndiyo inayosimama getini mchanga na matofali yanaposhushwa, na ndiyo yenye mamlaka ya kuyarudisha. Tofali likikwaruzwa kwa msumari likatoka unga, au likiangushwa kutoka usawa wa kiuno likavunjika vipande vipande, lirudi lilikotoka. Mchanga ukilambwa ukawa na chumvi, urudi. Mzazi asiye na shilingi ya kuchangia anaweza kuchangia asubuhi moja ya kusimama pale. Kwingine watu bado wana msaragambo, Kenya wana harambee, na wanawake wengi wana vikoba vilivyokwisha kununua mahema na sufuria za mtaa. Kikoba kimoja kikiamua kununua mabomba ya kutolea maji ya uzio wa shule, fedha yake itakuwa imelinda watoto kuliko rangi ya majengo yote.

Na jirani kwa jirani je? Ukuta wa mpakani ndio unaokaa na ufa miaka kumi, kwa kuwa kila mmoja anamsubiri mwenzake. Methali ya ufa na ukuta wote wawili wanaijua. Anayekosekana ni wa kwenda kubisha hodi. Nenda wewe. Nenda jioni, usiende na hasira ya mvua ya jana. Mwambie, "Jirani, naomba tuutazame ukuta wetu pamoja." Ukisema ukuta wako, mazungumzo yameishia mlangoni. Mkikubaliana, andikishaneni mbele ya mjumbe nani anatoa nini. Mkishindwana, mwenyekiti wa mtaa yupo, na ukuta uliozungushiwa kamba usipitwe karibu wakati mnaendelea kubishana. Wenye nyumba za kupangisha, mpangaji akikuambia ukuta wa uani umepasuka, usimwone mkorofi. Amekufanyia kazi ya ukaguzi bila malipo.

Mafundi wetu, mna nafasi ambayo hakuna mwingine anayo. Mteja anapokuita upige lipu juu ya ufa, wewe ndiye wa kwanza kujua. Najua ukikataa ataita mwingine. Hata hivyo mwambie, na umwonyeshe: mpeleke pembeni afumbe jicho moja, atazame mwenyewe. Wateja wengi hawajawahi kuonyeshwa. Na mkionyesha, wapo watakaowaheshimu na kuwarudia kwa kazi kubwa zaidi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi kote nchini. Tunatoka na mafagio na makoleo hata hivyo, mwenyekiti yupo, maduka yamefungwa hadi saa nne. Naomba Jumamosi ijayo ya namna hiyo kila mtaa uteue watu watatu wasifagie. Wapewe kamba yenye jiwe, penseli, rula na daftari, wazunguke kuta zote zinazopakana na njia: waanze na shule, wafuate zahanati, soko, nyumba za ibada, kisha nyumba za watu. Waandike, wachore mistari na tarehe, wazibue matundu yanayozibulika siku hiyo hiyo, na pale palipotoa tumbo wafunge kamba na kumsaidia mama wa vitumbua kuhamishia beseni lake upande wa pili wa barabara, hata kama hakuna kivuli. Mwavuli mmoja mkubwa wa biashara mtaa mzima tunaweza kuununua. Daftari lisomwe kwenye mkutano wa mtaa unaofuata, na nakala ipelekwe halmashauri kabla ya Machi.